Kabla ya taa, mtafute anayesaga mihogo

Ingia saa tisa alasiri katika kibanda cha turbini ndogo ya kijiji, inayofua umeme kwa maji ya kijito, utakuta sanduku la chuma linalofuka joto. Ndani mna waya kama zile za jiko la umeme. Umeme uliokosa mtumiaji huishia humo, ili turbini isikimbie kupita kiasi. Nafunga mitambo hii kwenye milima inayozunguka Bukavu, mashariki mwa Kongo, na nikisogeza kiganja pale naumia moyoni: lile joto ni pesa ya kijiji.

Bwawa la Ruzizi ya Kwanza, hapo hapo Bukavu, linafua umeme tangu miaka ya 1950, ila vijiji vingi vya Kabare na Walungu bado vinalalia koroboi. Vijito wanavyo. Kijito cha lita 50 kwa sekunde, kikiporomoka mita 20, kinatoa kama kilowati 6, ukishaondoa kinachopotea kwenye bomba na jenereta. Maji hayalali, kwa hiyo kwa siku ni uniti 144 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa nzima). Sasa nyumba 100 ziwashe taa tatu tatu za wati 5, kuanzia magharibi hadi saa tano usiku. Zote pamoja zimekula uniti 7 na nusu! Bomba, nguzo, nyaya na mshahara wa mlinzi vikilipwa na uniti hizo peke yake, bei itawashinda watu.

Ndiyo maana nikifika kijijini naulizia kwanza mashine ya kusaga. Mama mmoja wa Kabare, mwenye mashine kama hiyo, alinionyesha jerikani ya mazutu (dizeli) aliyopandishiwa mlimani kwa mgongo. Mota ya kilowati 4 ikisaga mchana kwa muda wa saa sita, inanunua uniti 24, zaidi ya mara tatu ya taa zote zile. Yeye akilipa, taa ya jirani inashuka bei.

Ila mota ikiwashwa ghafla huvuta mkondo mara sita hivi ya kawaida, na mtambo mdogo huzimika. Kifaa cha kuiwasha polepole kina gharama, lakini hapo usibane pesa kabisa. Tena asage mchana tu, jioni awaachie wenye taa.

Mama alinisikiliza, kisha akaniambia: “Mwanangu, mwezi wa saba kijito hiki kinakonda.” Alisema kweli. Zile lita 50 zipimwe Julai, mvua zikiwa zimekatika, wala si Aprili. Nilirudi Julai kupima, na futi yangu, kijiti cha kuelea na saa.