Vita Baridi havikuwa vita vilivyopoa

Juma lililopita nilimsikia tena mtangazaji akisema kwamba wanasiasa wawili wa chama kimoja wamo katika "vita baridi" kwa sababu hawasalimiani, na mchambuzi aliyeketi naye akaongeza kwamba hata Marekani na Urusi zilinuniana hivyo hivyo miaka mingi bila mtu kufa. La kwanza naweza kulivumilia. La pili siwezi.

Vita Baridi ni jina la uhasama wa kisiasa, kijeshi na kiuchumi kati ya kambi ya Magharibi, iliyoongozwa na Marekani, na kambi ya Mashariki, iliyoongozwa na Muungano wa Kisovieti, uliozuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kumalizika kabisa Muungano huo uliposambaratika Desemba 1991.

Kinachopotosha ni neno "baridi". Kwa Kiswahili ugomvi ukipoa umekaribia kwisha, na moyo uliopoa ni moyo uliotulia, hivyo masikio yetu yakisikia "vita baridi" hudhani ni vita vilivyozimika moto. Neno lilikotoka halikuwa na utulivu huo hata kidogo. Mwandishi Mwingereza George Orwell alilitumia katika makala ya Oktoba 1945, miezi miwili tu baada ya Hiroshima, akihofu kwamba dola yenye bomu la atomiki haitashindika, na itaishi na jirani zake katika vita baridi visivyokwisha. Aprili 1947 Bernard Baruch, aliyekuwa mshauri wa marais wa Marekani, alilitamka katika hotuba huko South Carolina akizungumzia Wasovieti, na mwaka huohuo mwandishi Walter Lippmann akalieneza. Ubaridi uliokusudiwa ni mmoja tu: wenye mabomu hawakuthubutu kutangaziana vita, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kuangamia pamoja na mwenzake.

Hata hapo palikuwa na siri. Katika vita vya Korea, vya 1950 hadi 1953, marubani wa Kisovieti walirusha ndege za MiG-15 na kupambana angani na Wamarekani, huku wakiwa wamevalishwa sare za Kichina ili wasitambulikane. Chini yao, katika rasi hiyo, watu walikufa kwa mamilioni. Angola, tangu 1975, MPLA, chama kilichoshika serikali, kilipigana kwa silaha za Kisovieti na askari wa Cuba, nalo kundi la waasi la UNITA likasaidiwa na Afrika Kusini na Marekani, na bunduki zilinyamaza 2002, miaka zaidi ya kumi baada ya wafadhili wakubwa kupatana. Karibu nasi zaidi, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa Kongo, aliomba msaada wa Wasovieti katikati ya 1960. Januari 1961 alikuwa ameshauawa, na Mobutu, mkuu wa jeshi aliyetwaa madaraka huko, akaja kulelewa na nchi za Magharibi kwa miaka mingi.

Wale wanasiasa wawili, basi, wamenuniana, au wana uhasama wa chinichini. Na mchambuzi yule, akiulizwa tena, ningemwomba aseme kwamba wakubwa hao wawili walikwepa kupigana nyumbani kwao, wakapigana katika nchi za wengine.