Je, wajua kwa nini mahakama iliikataa ridhaa ya Wakenya waliopigwa picha za mboni?

Mwishoni mwa Julai 2023, watu walijaa kwenye foleni nje ya jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi. Aliyefikiwa na zamu aliinua uso akalikodolea macho tufe la chuma ling'aalo, lenye ukubwa wa mpira, nalo likapiga picha za mboni zake. Kisha akapewa ahadi ya sarafu 25 za kidijitali za Worldcoin, mradi uliotumia picha za macho kuthibitisha kwamba anayejisajili ni binadamu halisi; sarafu hizo zilikuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Hakuna aliyeburutwa. Basi kwa nini Mahakama Kuu ya Kenya, Mei 2025, iliamua kwamba data hiyo ilikusanywa kinyume cha sheria, ikaamuru ifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data?

Jibu limo katika maana ya ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, ya wazi, ihusu jambo mahususi, na itolewe na mtu aliyeelezwa anachokikubali. Mahakama iliona kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha sarafu haikufikia kipimo hicho. Naamini iliona sawasawa, kwa maana mtu asiyejua atalipaje kodi ya nyumba mwisho wa mwezi hana nafasi ya kuuliza mengi mbele ya shilingi 7,000, na waliohojiwa kwenye foleni zile hawakuficha kwamba walichofuata ni pesa.

Isitoshe, mboni si namba ya siri. Namba ya siri ya simu ikivuja, unaibadilisha papo hapo. Mboni ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo, na kompyuta ikishazigeuza kuwa msimbo, msimbo huo waweza kukutambulisha kila utakapolinganishwa na picha nyingine ya jicho lako. Ndiyo maana sheria inamtaka anayekusanya data yenye hatari kubwa kwa haki za watu afanye tathmini ya athari zake kabla hajaanza kazi. Mahakama ilikuta tathmini ya kutosha haikufanywa. Serikali iliposimamisha usajili tarehe 2 Agosti 2023, zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamekwisha kusajiliwa, nao wakangoja karibu miaka miwili ndipo ikatoka amri ya kufuta data ya macho yao.