Deng Xiaoping hakuwa rais wa China

Wiki hii tena: "Rais Deng Xiaoping alipofungua milango ya uchumi mwaka 1978..." Nafundisha historia ya siasa za China, na sentensi hii nimeisahihisha hadi nimechoka.

Deng ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho China, lakini hakuwahi kuwa rais hata siku moja. Hakuwa waziri mkuu. Alipopokewa na Jimmy Carter mjini Washington, Januari 1979, alikuwa naibu waziri mkuu. Bosi wake kwa cheo, serikalini na chamani, alikuwa Hua Guofeng. Hua alipowekwa kando, uwaziri mkuu ulikwenda kwa Zhao Ziyang (1980), chama kwa Hu Yaobang (1981), na urais uliporejeshwa akaukalia Li Xiannian (1983).

Mtanzania ataniambia mamlaka bila urais anayajua: Mwalimu aliacha urais 1985, akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Sawa, lakini Mwalimu alibaki na chama. Deng alibaki na jeshi. Tangu 1981 hadi Novemba 1989 alikuwa mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kijeshi, na jeshi la China ni la chama, utii wake wa kwanza si kwa katiba ya nchi. Majenerali wengi walikuwa wenzake wa tangu vita vya miaka ya 1930 na 1940, alipokuwa kamisaa wa kisiasa, yaani mwakilishi wa chama jeshini, pamoja na kamanda Liu Bocheng. Aliangushwa madarakani 1966, akapelekwa kiwanda cha matrekta mkoani Jiangxi, akarudi 1973, akaangushwa tena Aprili 1976, na Julai 1977 akarudi. Kote huko Mao hakumfukuza uanachama. Mtandao wa watu wake haukukatika.

Kwa nini nang'ang'ania vyeo? Kwa sababu ya 1989, mwaka ambao jeshi lilizima maandamano ya Beijing kwa risasi. Tarehe 16 Mei mwaka huo Zhao Ziyang, wakati huo katibu mkuu wa chama, alimwambia Gorbachev, kiongozi wa Kisovyeti, mbele ya kamera, kwamba chama kiliamua mwaka 1987 kuwa mambo mazito yapelekwe kwa Deng. Uamuzi huo ulikuwa umefichwa. Siku nne baadaye amri ya sheria ya kijeshi Beijing ilitoka na saini ya Li Peng, waziri mkuu. Ukimwita Deng rais, unamfanya msomaji aamini kwamba risasi za Juni ziliamriwa na ofisi ambayo wananchi wangeweza hata kuitaja jina. Hazikuamriwa hivyo, na familia za waliouawa zinastahili tuseme ukweli huo.

Na huo mwaka 1978 wenyewe unanisumbua. Mkutano wa chama wa Desemba tunaousifu ulipitisha rasimu ya kilimo iliyokataza mashamba kukabidhiwa kaya. Wakulima wa mkoa wa Anhui walikuwa wameanza kugawana mashamba kwa siri, Wan Li, kiongozi wa chama mkoani humo, akawakingia kifua, na Deng akawasifu Mei 1980. Vitabu vya shule humwita mbunifu wa mageuzi, mimi nasita. Naona zaidi mtu aliyejua lini awaache wengine wajaribu.

Mapema 1992, akiwa na umri wa miaka 87 na bila wadhifa wowote wa chama wala serikali, Deng alizuru miji ya kusini ya Shenzhen na Zhuhai kuhimiza mageuzi. Magazeti makuu ya Beijing yalikaa kimya kwa wiki kadhaa. Oktoba, mkutano mkuu wa chama ukapitisha uchumi wa soko wa kijamaa.