Homa ya Papasi Hushuka Yenyewe: Soma Hapa Kabla Hujausifu Unga wa Majani

Malalamiko yanayotufikia kuhusu unga, vidonge na dawa za chupa zinazouzwa kwa madai ya "kusafisha damu baada ya homa ya papasi" yameongezeka, hasa kutoka minada ya ng'ombe ya Misungwi na Magu na kwenye stendi za mabasi jijini Mwanza. Wengi wanaouza wanaamini wanachokiuza, na wengi wanaonunua wamesumbuliwa na homa kwa wiki kadhaa. Hakuna wa kulaumiwa kwa kutafuta nafuu. Lakini kuna jambo moja kuhusu ugonjwa huu ambalo lisipoeleweka, kila kinachouzwa kitaonekana kimeponya.

Homa ya papasi huletwa na bakteria aitwaye Borrelia duttonii, anayebebwa na papasi, aina ya kupe. Homa hupanda ghafla, hukaa siku tatu hivi, kisha hushuka yenyewe kwa jasho jingi, hata kama mgonjwa hajameza kitu. Baada ya takriban wiki moja hurudi. Mwili hutengeneza kinga dhidi ya protini za ganda la nje la bakteria, na wengi hufa. Wachache waliobadilisha ganda hubaki, huzaliana, na homa huanza upya. Mzunguko huo unaweza kujirudia mara kadhaa. Sasa chukua mgonjwa aliyeanza kunywa mchemsho wa mwarobaini siku ya pili ya homa. Siku ya nne yuko nje anaota jua, na mtaa mzima unaambiwa dawa imefanya kazi. Homa ikirudi siku ya kumi na moja, inaitwa malaria nyingine, na chupa ya pili inanunuliwa. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaulizwa, "Mbona fulani alikunywa akapona?" Homa yake ilishuka kwa zamu yake. Hata angekunywa maji matupu ingeshuka.

Kwa hiyo swali la kwanza si mitishamba gani inafaa. Swali ni je, ulipimwa na ukamaliza antibiotiki? Kipimo cha haraka cha malaria hakioni ugonjwa huu kabisa. Kinachohitajika ni slaidi ya damu, ichukuliwe wakati homa imepanda, na mtaalamu wa maabara aambiwe kwamba papasi wanashukiwa ili atafute bakteria wenye umbo la kujiviringa kama skrubu. Slaidi iliyochukuliwa siku homa imepoa inaweza kuonekana safi, na mgonjwa akarudi nyumbani na uhakika wa uongo.

Saa chache baada ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, wagonjwa wengi hutetemeka, homa hupanda kuliko mwanzo, na shinikizo la damu linaweza kushuka. Ni bakteria wanaokufa kwa wingi kwa pamoja. Tukio hili linafahamika kitabibu, na ndiyo sababu mgonjwa hutakiwa kukaa kituoni akiangaliwa saa hizo za mwanzo. Wapo ndugu wanaosema "dawa imemkataa" wakamwondoa mgonjwa wodini usiku huohuo na kumpeleka kwa muuza majani. Tafadhali msifanye hivyo. Upande wa pili, muuzaji akikwambia kwamba kuhara, kutapika au macho ya njano baada ya unga wake ni "sumu inatoka", usimkubalie. Macho ya njano ni dalili ya ini kuumia au ya ugonjwa wenyewe kuwa mkali, na vyote viwili vinahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Kuna pia vidonge vinavyoagizwa kutoka nje kupitia mitandao, vikiwa na maandishi kuhusu ugonjwa wa Lyme. Huo ni ugonjwa mwingine. Umepewa jina la mji wa Lyme, jimbo la Connecticut, Marekani, ulikochunguzwa miaka ya 1970, na huletwa na Borrelia burgdorferi, bakteria wa ukoo mmoja na wa kwetu lakini anayebebwa na kupe wa aina nyingine. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yakionyesha kwamba dawa zilizokamuliwa kutoka mimea kadhaa, ukiwemo Cryptolepis sanguinolenta wa Afrika Magharibi na pakanga, ziliua bakteria wa Lyme ndani ya vyombo vya maabara. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini ilifanyika kwenye vyombo, si kwa wagonjwa, na haikumhusu bakteria wa Mwanza. Kuichukua na kuibandika kwenye kopo kama ushahidi wa kutibu homa ya papasi ni kumdanganya mnunuzi.

Tuje sasa kwa mitishamba inayotumika majumbani wakati wa kupata nafuu, maana hapa ndipo madhara mengi yanapotokea kimyakimya. Hakuna tunachokataza kwa sababu tu ni cha asili.

Mlonge ni chakula kizuri kwa mtu aliyepungukiwa damu. Tatizo ni kalsiamu na chuma vilivyomo. Kijiko kikubwa cha unga wa majani makavu, takriban gramu 8, kina kalsiamu inayokaribia ile ya nusu kikombe cha maziwa. Madini haya hushikana na tetrasaiklini na doksisaiklini, antibiotiki zinazotumika kutibu homa hii, tumboni, dawa ikapita bila kuingia kwenye damu. Mgonjwa anayekoroga mlonge kwenye uji wa asubuhi na kumezea kidonge uji huohuo amepunguza dozi yake kwa mkono wake, kisha homa ikirudi anasema vidonge vya serikali ni hafifu. Anayemeza doksisaiklini mara mbili kwa siku afanye hivi: kidonge saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, baada ya kula chakula kisicho na maziwa, kwa glasi nzima ya maji, akiwa amekaa wima, na asilale kwa angalau nusu saa kwa sababu kidonge kikinasa kooni huunguza. Mlonge, maziwa na vidonge vya kuongeza damu visubiri saa 7 mchana. Anayemeza tetrasaiklini mara nne kwa siku hana nafasi hiyo, kwa hiyo aache mlonge mpaka amalize dozi.

Udongo wa pemba una shida hiyohiyo na zaidi. Unanasa dawa tumboni, na unaweza kuwa na risasi na madini mengine yenye sumu. Wanaoula sana ni wajawazito, ambao ndio homa ya papasi huwaumiza kuliko watu wengine: mimba huharibika na watoto huzaliwa kabla ya wakati au hufariki. Mjamzito hapewi doksisaiklini. Ana dawa zake, kama erithromaisini, na huchaguliwa na daktari. Asipewe pia mwarobaini kwa namna yoyote, kwa sababu unaweza kuhatarisha mimba. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto hata tone. Yamewahi kuleta degedege na kuharibu ini kwa watoto wadogo, na hili limeandikwa katika taarifa za kitabibu kwa miaka mingi.

Utomvu wa njano wa mshubiri huharisha. Kwa mtu aliyetoka kupoteza maji kwa jasho na kutapika, kuhara humwondolea maji na potasiamu, na huisukuma dawa nje kabla haijafyonzwa. Tangawizi, manjano na kitunguu saumu kwa kiasi cha mboga havina neno. Vidonge vya kitunguu saumu vilivyokolezwa ni jambo jingine: homa ya papasi hupunguza chembe za kugandisha damu, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hutokwa damu puani, na kitunguu saumu kingi kinaweza kuongeza tatizo hilo. Subiri mpaka vipimo viwe vizuri. Pakanga ihusishwe na malaria ambako ndiko inakotajwa, na hata huko Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuitumia kama chai.

Uwe na shaka zaidi na unga unaofanya kazi haraka mno. Sehemu nyingi duniani dawa za asili zimekutwa zimechanganywa kwa siri na prednisoloni, deksamethasoni au diklofenaki, dawa za hospitali za kutuliza uvimbe na maumivu. Mgonjwa anapata hamu ya kula ndani ya siku mbili, maumivu yanakwisha, uso unavimba, na wakati huo kinga yake inadhoofishwa huku bakteria wakiendelea.

Kinachorudisha nguvu ni cha kawaida: dagaa, maini, mchicha na matembele, na limau au ubuyu kando ili chuma kifyonzwe vizuri. Uchovu wa wiki kadhaa hutokea. Pima wingi wa damu kabla ya kununua chochote cha "kuongeza damu".

Kwa wafugaji: ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, haiambukizi binadamu, na oksitetrasaiklini ya sindano inayouzwa duka la mifugo kwa ajili ya ndigana baridi haijatengenezwa kwa ajili ya mtu. Hili tusilazimike kulirudia.

Kuhusu usajili, wauzaji wengi hutuonyesha karatasi zisizohusika. Leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na cheti cha jina la kampuni si kibali cha dawa. Chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, mganga husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kituo chake husajiliwa, na dawa husajiliwa. Hayo ni mambo matatu, na moja halibebi mengine. Mganga huanzia serikali ya mtaa au kijiji inayomtambua, hupita kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ndipo maombi hufika kwa Msajili. Ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali inaeleza usalama wa sampuli iliyopelekwa. Haisemi kwamba dawa inatibu homa ya papasi, na si ruhusa ya kutangaza redioni au kwa spika ya pikipiki. Tangazo lina kibali chake.

Kwenye kopo tafuta jina la mmea la kawaida na la kitaalamu, kiasi cha kila kiambato, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, anuani ya mahali halisi, namba ya usajili, dozi na tahadhari. Chupa ya maji iliyojazwa upya na kuandikwa kwa kalamu haina hata kimoja.

Wakaguzi wakikuta bidhaa isiyosajiliwa huiorodhesha mbele ya mwenye mali na shahidi, kwa kawaida kiongozi wa mtaa. Fomu ya ukamataji husainiwa na pande zote na nakala huachwa kwa mwenye mali. Sampuli hufungwa kwa lakiri na kupelekwa maabara. Bidhaa ikithibitika haifai huteketezwa kwa gharama ya mwenyewe, leseni inaweza kufutwa, na shauri likifika mahakamani adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Kukataa kusaini fomu hakuzuii ukamataji; kunaandikwa tu kwamba amekataa.

Ukipata madhara, acha kutumia bidhaa hiyo na nenda kituo cha afya ukiwa na kopo au chupa yenyewe, hata kama imebaki tone. Usiioshe wala kuihamishia chombo kingine. Mwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya madhara ya dawa, umtajie siku ulipoanza kutumia, kiasi ulichokunywa, antibiotiki uliyokuwa unameza na saa ulizomezea, na mahali uliponunua. Jina la muuzaji si lazima. Tunahitaji zaidi namba ya toleo, kama ipo.