Je, wajua kwa nini sare humpandisha mmoja na kumshusha mwenzake?

Tuseme mashindano ya sataranji yanachezwa Tabora mjini, nayo yamesajiliwa FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huo. Mezani wapo wawili: mmoja ana kiwango cha 1900, yaani namba ya FIDE inayopima uwezo wake, mwenzake 1500. Wametoka sare, kila mmoja akaandikiwa nusu pointi. Orodha ya mwezi unaofuata ikitoka, wa 1900 ameshuka na wa 1500 amepanda. Hakuna aliyeonewa.

Hesabu hii ilibuniwa na Arpad Elo, mwalimu wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, na FIDE ikaichukua mwaka 1970. Haiangalii ulichopata tu, bali umepata zaidi au pungufu ya ulichotarajiwa. Pengo la viwango likiwa 400, jedwali la FIDE humtarajia mkubwa, yaani wa 1900, apate 0.92 ya pointi, mdogo wa 1500 apate 0.08. Mkubwa akipata 0.5, amepungukiwa 0.42. Zidisha kwa 20, kizidishi cha mchezaji mzoefu asiyewahi kufika 2400: amepoteza 8.4. Angeshinda angeongeza 1.6 tu! Kwa hiyo kufidia sare hiyo moja anahitaji kuwafunga sita wa aina ile ile. Mdogo, kama hajatimiza michezo 30, kizidishi chake ni 40, naye anaondoka na 16.8.

Sare zenyewe mara nyingi huzaliwa na pupa, hasa kwa waliokulia kwenye drafti chini ya mwembe. Kwenye drafti, asiye na pa kusogeza kete amefungwa. Kwenye sataranji, kama mfalme wake hajashambuliwa na zamu ni yake, hiyo ni sare, hata kama wewe una malkia na yeye hana kitu.

Mtego wake uko kwenye kona. Nyumba za ubao huitwa kwa herufi ya safu wima, a hadi h, na namba ya mstari, 1 hadi 8; h8 ni ya kona. Mfalme mpweke yuko h8, nawe unampeleka malkia f7 au g6 ukidhani unambana. Umembana kweli: g8, g7 na h7 zote zimezibwa, lakini h8 yenyewe haijaguswa. Saa inasimamishwa, ni sare. Malkia akiwa umbali wa mruko mmoja wa farasi (nyumba mbili upande mmoja, kisha moja kando) kutoka kwa mfalme aliye kona, usimwache hapo kama mpinzani hana kete nyingine ya kusogeza. Mweke mbali kidogo, mwachie mfalme nyumba moja ya kupumulia, kisha mlete mfalme wako taratibu asaidie kummaliza.