Majitaka ya mkonge yana zaidi ya gesi

Ukikaribia korona, yaani kiwanda cha kuchania majani ya mkonge, mkoani Tanga, uchachu unakupokea kabla hujaiona mashine. Hizo ni asidi. Singa, yaani nyuzi, hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani. Kinachobaki ni nyama ya jani, utomvu na maji mengi ya kuoshea, na bakteria hawangoji kukaribishwa.

Huko huko Tanga, mahali paitwapo Hale, ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi ya kuzalishia umeme. Gesi, hata hivyo, ndiyo hatua ya mwisho. Kabla yake bakteria huigeuza sukari kuwa asidi nyepesi, hasa ya siki na ya butiriki, kisha vijidudu wengine huzila na kutoa methani, ndiyo gesi yenyewe. Mgema huliwahi tembo kabla halijawa siki. Hapa wazo ni kuiwahi siki yenyewe kabla haijawa gesi, ili asidi zigeuzwe butanoli, kileo kinachoweza kuwa mafuta ya gari. Maji yakiachwa machachu, pH (kipimo cha uchachu) ya 5.5 hivi, na yasikae tangini siku nyingi, wala-asidi hao hawastawi.

Asidi zikishatengwa hupewa bakteria aina ya Clostridium. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanakemia Chaim Weizmann aliwatumia bakteria hao huko Uingereza kutengeneza asetoni ya baruti kutokana na wanga wa nafaka. Bakteria hao hutoa asetoni, butanoli na ethanoli (kileo cha pombe) kwa uwiano wa karibu 3:6:1. Wao wenyewe huanza kwa kutoa asidi, halafu huzirudia na kuzigeuza viyeyushi (vimiminika vya kuyeyushia vitu kama rangi), ndiyo maana kuwaongezea asidi ya butiriki huzidisha butanoli. Asidi peke yake haiwatoshi: wanahitaji na sukari kidogo ya kuwapa nguvu, na molasi inafaa.

Lita ya butanoli ina nishati ya megajuli 29 hivi. Ethanoli 21, petroli 32. Tatizo ni kwamba butanoli ikifika gramu 13 hivi kwa lita, bakteria wenyewe hulewa na kuduma. Kuitoa kwenye maji mengi kiasi hicho hula moto, na kutenga asidi mwanzoni kunataka chujio za bei.

Kwa hiyo wenye magari nisingewaahidi kitu sasa. Butanoli iuzwe kwanza kwa watengeneza rangi, ambako bei ya kiyeyushi hubeba gharama, na masalia yaendelee kutoa gesi. Mwenye korona apime asidi za mferejini mwake, masika na kiangazi, kabla ya kununua tangi: maji ya kuoshea yakizidi, asidi huzimuliwa mno na hesabu haitoki.