Puto, rada na siri za kambini: nionavyo mafaili ya UFO ya jeshi la Marekani

Kazi yangu ni hali ya hewa, na miaka yote hii nimerusha maputo mengi mno. Puto likiondoka mkononi lina upana wa kama mita mbili hivi, likipanda hewa inazidi kuwa nyepesi nalo linazidi kuvimba, likikaribia kilomita 30 juu limeshakuwa pana kuliko chumba cha kulala, halafu linapasuka. Dunia nzima wanarusha kwa saa zilezile, kwetu inakuwa saa tisa usiku na saa tisa alasiri, ila Marekani upande wa mashariki moja ya hizo saa inaangukia jioni, na hapo ndipo mambo yanapoanza. Chini giza limeshaingia, puto huko juu bado linapigwa na jua, linang'aa jeupe, halina sauti, na ukilitazama unaona kama limesimama. Mtu akinipigia simu kwamba kaona kitu cha hivyo simcheki hata siku moja, maana kakiona kweli.

Sasa nikisoma mafaili ya jeshi la anga la Marekani kuhusu UFO, yaani vitu vya angani visivyojulikana ni nini, kuna moja linaniuma kila nikilirudia. Tarehe 7 Januari 1948, Kentucky. Watu wanapiga simu kuna kitu kikubwa angani, na walioko kwenye mnara wa uwanja wa kijeshi wa Godman nao wanakiona. Kapteni Thomas Mantell, miaka 25, rubani aliyepigana vita kuu ya pili, alikuwa anapita na ndege zake aina ya F-51, akaombwa akiangalie. Akapanda. Hakuwa na oksijeni, na bila oksijeni ukipita futi 15,000 akili inaanza kukuacha taratibu bila wewe kujua, huo ndio ubaya wake. Wenzake wawili walifika futi 22,500 hivi wakageuza. Yeye akaendelea kupanda. Ndege ilianguka karibu na mji wa Franklin.

Wachunguzi kwanza wakasema alikuwa anaifukuza Zuhura. Jamani, Zuhura saa nane tisa mchana, hiyo nyota ni ya kutafutwa kwa shida hata ukijua iko wapi! Baadaye ndiyo likaja jibu linaloingia akilini: jeshi la majini lilikuwa na maputo ya plastiki yanaitwa Skyhook, upana wake kama mita 30, yanapaa juu mno kuliko ndege yoyote ya wakati ule, na yalikuwa siri. Yaani kitu ambacho huenda ndicho kilichomvuta Mantell kilikuwa cha serikali yake mwenyewe, na waliomtuma hawakuwa na habari nacho, na waliokuja kuchunguza kifo chake nao hawakuwa na habari nacho. Mimi hapo ndipo naona ugonjwa wa uchunguzi wote wa kijeshi wa UFO. Mchunguzi anaulizwa hiki ni nini, wakati jibu limefungiwa kwenye kabati la ofisi ya jirani na yeye hana ruhusa ya kulifungua.

Uchunguzi wenyewe ulianza rasmi mwanzoni mwa 1948 kwa jina la Sign, ukaja Grudge, halafu kuanzia 1952 Blue Book, pale kambi ya Wright-Patterson, Ohio. Ulifungwa Desemba 1969 ukiwa na ripoti 12,618, na katika hizo 701 hazikupata maelezo. Watu wanaishika hiyo 701 kama ushahidi wa wageni kutoka sayari nyingine, lakini kumbukeni swali la jeshi tangu mwanzo lilikuwa: je, ni adui, ni Msovieti? Wakisharidhika kwamba si tishio, hamu ya kulifuatilia faili inapungua sana.

Kisa cha Washington ndicho kinachonihusu zaidi kikazi. Usiku wa tarehe 19 Julai 1952, saa 5:40, mtu wa rada pale uwanja wa ndege wa National akaona vidoa saba mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na ndege. Ndege za kivita F-94 zikaitwa, zikifika vidoa vinapotea, zikiondoka vinarudi, na wikiendi iliyofuata ikawa hivyohivyo tena. Tarehe 29 Jenerali Samford, mkuu wa ujasusi wa jeshi la anga, akaita waandishi wa habari akasema ni hali ya hewa, na wengi mpaka leo wanaona aliwadanganya. Mimi nasema kwa upande wa rada alikuwa sahihi. Usiku wa joto usio na mawingu ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi na ya juu yake inabaki moto, kinyume na kawaida, na mawimbi ya rada yakikuta tabaka hilo yanapinda kurudi chini yanagonga majengo na magari. Rada nayo inaona mazigazi, kama wewe unavyoona maji kwenye lami saa saba mchana. Mamlaka ya usafiri wa anga ya kiraia ikalifuatilia, na ripoti yao ya 1953 ikaonyesha vidoa vya namna hiyo vinasogea kwa kama mara mbili ya kasi ya upepo wa lile tabaka, na hiyo ni tabia ya mwangwi wa rada, si ya ndege. Waliosema waliona taa kwa macho, hao maelezo ya rada hayawatoshi, nakubali.

Kisha ikaja U-2 mwaka 1955, ndege ya ujasusi inayoruka zaidi ya futi 60,000, mabawa yanameremeta fedha jioni. Andiko la historia la CIA la 1997 linasema zaidi ya nusu ya ripoti za miaka hiyo zilitokana na hizo ndege na za namna yake. Nusu naona imezidishwa, lakini kwamba watu wa Blue Book walikuwa wanajua jibu na hawaruhusiwi kumwambia raia aliyeripoti, hilo linanikera.

Linganisha na ile video ya Go Fast ya jeshi la majini ya 2015, ile kitu kinaonekana kinapita kasi ya ajabu juu ya bahari. Namba zote zipo kwenye kioo. Ndege iliyopiga video iko futi 25,000, kamera inatazama chini digrii 26, umbali maili za baharini 4.4. Hesabu ya pembetatu ya sekondari inakupa kitu kiko futi 11,700 chini ya ndege, yaani juu ya maji futi 13,000 na kitu. Wala hakiko karibu na bahari, ile kasi ni ya ndege yenyewe inayokipita. Jopo la NASA mwaka 2023 lilipata wastani wa maili 40 kwa saa, na huo kwa kimo kile ni mwendo wa upepo tu.

Kwa hiyo ukiona kitu, kabla hujatoa simu, nyosha mkono mbele ukunje ngumi. Ngumi moja ni kama digrii 10. Hesabu ngumi ngapi kutoka upeo wa macho, andika saa, andika upande, halafu baada ya dakika tano pima tena.